Jino Lililoingia Kwenye Tanki

Ukitaka kucheka, cheka tu, mke wangu amekutangulia. Lakini haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Lufingo, mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Binti yangu Atupele aling'oka jino lake la kwanza. Unajua desturi: jino la mtoto linarushwa juu ya paa ili panya alichukue na kuleta jipya, na mpaka liote, mtoto asimwonyeshe mjusi pengo. Mjusi akiliona, jino haliji tena. Sasa mimi nilikuwa nimemaliza nyumba ya bati, nimefunga na gata la kupeleka maji ya mvua kwenye tanki, naringa kijiji kizima. Atupele akarusha. Tukasikia jino linateremka kwenye bati, likapita kwenye gata, likadumbukia tankini.

"Baba," akaniuliza, "panya anajua kuogelea?"

Kabla sijamjibu, akamkumbuka mjusi. Akafumba mdomo. Akafumba kwelikweli, bwana. Haongei, hali, ukimsemesha anaziba kwa kiganja. Kesho yake hata ndizi za maziwa, anazozipenda kuliko baba yake, alizisukuma pembeni. Mama yake yuko zamu kiwanda cha chai, mimi nimebaki namtazama mtoto ananyong'onyea. Niliogopa, sikufichi. Nikapanda kwenye tanki na tochi, lakini mvua za Tukuyu unazijua, lilikuwa limejaa pomoni. Jino utalionea wapi?

Ndipo ukungu ukashuka, na ndani ya ukungu akatokea bibi mmoja mfupi, amejifunga kanga, hana viatu, na miguu yake mikavu. Matope yote yale, miguu mikavu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naomba maji ya kunywa."

Nikamkingia kikombe kwenye koki ya tanki. Akanywa taratibu, kisha akawa kama anamung'unya kitu. Akatema kiganjani. Jino.

"Ndaga," akanishukuru. "La nani hili?" Akatabasamu, na hapo nywele zikanisimama. Kinywa kilijaa meno, meupe, madogo madogo, ya kitoto yote. Ajuza wa umri ule. Unadhani nilikimbia? Nilimvuta mtoto nyuma yangu.

Atupele, ambaye hakuwa amesema neno tangu jana, akatoa kiganja mdomoni. "Langu, bibi."

"Bati linateleza, mjukuu wangu. Panya atasimama wapi?" Akazunguka nyuma kwenye jiko letu la zamani la nyasi, ambalo nilipanga kulibomoa wiki hiyohiyo, akalirusha jino juu ya paa. Likatulia. Mtoto akaangua kicheko, na mimi, kwa raha ya kumsikia, nikacheka mpaka bibi akaliona pengo langu la mbele, nililolipata kwenye mpira nikiwa shule.

"Na lako, baba, lilienda wapi?" bibi akaniuliza.

"Lilipotelea kwenye nyasi za uwanjani, bibi."

"Nyasi ni nyasi," akasema. "Litafaa."

Ukungu ukamfunika. Kwenye matope palikuwa na kikombe tu, hakuna hata unyayo.

Atupele alimaliza ndizi, akakwangua na sufuria. Jino lake likaota. Na langu? Niamini, nalo likaota. Dogo, la kitoto, kwenye kinywa cha mtu anayenyoa ndevu. Daktari wa meno mjini alilitazama, akamwita mwenzake naye alitazame. Mke wangu hawezi kunimiminia chai bila kucheka. Jiko la nyasi nimeliezeka upya, na majirani wanawaleta watoto wao warushie pale.

Kwa hiyo nakuonya: kabla mtoto hajarusha jino, angalia kwanza paa lako lina gata au halina. Na bibi akitoka kwenye ukungu akaomba maji, mpe, ila ukicheka, cheka umefumba mdomo. Hili langu limeanza kucheza. Najua pa kulirusha. Nisichojua ni nani atakuja kulichukua, na ataniletea la namna gani. Jana nilikuwa nimekaa barazani nalisukuma kwa ulimi, Atupele akaja akanifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Funga, baba. Mjusi yuko ukutani."