"Nakuja" ya Fundi

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, kule Ruanda ya Mbozi, fundi alitujengea nyumba ya matofali. Kabla masika hayajaisha, ukuta wa chumba cha mama ulipasuka kutoka dirishani hadi chini.

Nikamfuata fundi kilabuni.

"Nakuja, dada," akasema, huku anaondoka zake. Kila nilipomfuata, jibu lilikuwa hilo hilo: nakuja.

Mama aliziba ufa kwa matambara. Baridi ikamwingia kifuani, akakohoa usiku kucha, na bado akamtetea: "Si kasema anakuja?"

Alikuja kweli. Tulipokwisha kumzika mama, alikuja na mwiko, pimamaji na saruji, akamjengea kaburi kwa ufundi wake wote, mshenzi yule.

Mpaka leo halina ufa.