Mpini Una Mwenyewe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nasikia kwanza ukungu. Najua ukungu hausikiki, usinicheke. Lakini ukungu wa milima ya Ileje, enzi zile nilipokuwa mke mpya, ulikuwa ukiteremka asubuhi mpaka mlangoni. Ulimeza mibuni, ukameza zizi na ng'ombe wake, zikabaki sauti tu: jogoo wa jirani, maji ya kijito, na mtu mmoja nyuma ya nyumba akikwangua mti kwa kisu. Kwaru, kwaru, kimya kidogo, kisha kwaru tena. Siku hiyo ndiyo ninayotaka kukupa leo.

Maana jana umenipigia simu kutoka dukani Tunduma, malori yakinguruma nyuma yako, ukaniuliza swali ambalo sikutegemea kuulizwa katika uzee wangu. Ulisema mashine za kufyekea majani, hizi za betri, ziko za aina mbili. Moja ina kishikio cha duara kilichofungwa katikati ya bomba, mithili ya mkono wa kikombe. Nyingine ina pembe mbili zilizotanuka kama usukani wa baiskeli, na mkanda wa kuvaa begani. Vijana wenzako wa Chapwa wamechukua ya pembe, na muuzaji amekuambia hiyo ndiyo ya kiume. Nikakuambia usinunue, njoo kwanza. Umekuja, umekaa, chai umepewa. Basi sikiliza, na mkate usiuogope, ni wako.

Mimi nilizaliwa Itaka, kwa Wanyiha, nikaolewa huko milimani kwa Wandali. Babu yako Lusajo alikuwa kijana wa biashara za mpakani, leo Tunduma, kesho Nakonde, nyumbani anakuja mwisho wa juma. Nilibaki na mama mkwe, na mibuni, na sheria za nyumba ile. Sheria kubwa kuliko zote ilimhusu baba mkwe. Kule, wakati ule, mke wa mtoto hamwoni mkwewe. Hasemi naye, hamtazami usoni, hata jina lake halitamki. Ukisikia anakuja njiani unaingia kwenye majani na kumpa mgongo mpaka apite. Haikuwa chuki hata kidogo, ilikuwa heshima, ila heshima nyingine nazo zinachosha miguu. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa nyayo za makatambuga yake kwenye udongo mbichi, na kwa harufu ya tumbaku iliyobaki hewani akishapita. Uso wake sikuujua.

Sasa uelewe jambo la mpini. Zamani chuma tu ndicho kilichotoka dukani. Jembe, shoka, fyekeo, vyote ulinunua vikiwa vitupu, mpini ukakatwa nyumbani. Shoka lisilo mpini halichanji kuni, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa mipini, na kwetu alikuwa baba mkwe. Lakini miaka ile bidhaa ndiyo kwanza zilikuwa zinarudi madukani baada ya dhiki ndefu, na pale mpakani ukapata mafyekeo yaliyokuja na mipini yake, imepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Mama mkwe alimwagiza mwanawe moja, akalipenda kama mtoto wa mwisho. Nilipoolewa akanikabidhi mimi. Ilikuwa heshima, nami nililipokea kwa magoti.

Kumbe lilikuwa fyekeo la mtu mwingine. Mpini wake mfupi, wa kushika kwa mkono mmoja huku umeinama, na chuma kimenolewa upande mmoja tu. Mama mkwe alikuwa mfupi, mkononi mwake lilicheza. Mimi unaniona, hata sasa nilivyojikunja bado naingia mlangoni kwa kuinama. Tena kulikuwa na jambo nililolificha. Mimi ni mashoto. Jikoni na mezani nilijilazimisha mkono wa kulia, kwa kuwa kumpa mtu chakula kwa kushoto ni kumtukana. Shambani, nilipoona ukungu umenifunika, nilihamishia kushoto nikidhani hakuna anayejua.

Kila nilipofyeka, buni mbichi zilidondoka. Naingia chini ya mti nimekunjwa, mgongo unasukuma matawi, vijiti vinavunjika, kahawa ya mwaka inamwagika chini ingali kijani. Na majani yenyewe hayakatiki, yanalala tu na kuamka tena. Siku moja nikajikaza, nikasema, "Mama, mpini huu unanishinda."

Mama mkwe hata hakugeuka. "Mchagua jembe si mkulima," akasema.

Unaijua methali hiyo, umeisikia shuleni. Mimi niliisikia asubuhi, mchana na jioni. Mwishowe akaja na neno zito zaidi. "Mkamwana, mibuni yangu inamwagika kama wamepita mbuzi. Nyumba hii haijawahi kulisha mvivu. Shamba hili likiisha hivi hivi, naita wajomba zako waje wakuchukue."

Kurudishwa, mwanangu! Nirudi Itaka na kisanduku changu kichwani, watu wa kanisani wakinitazama, mama yangu akijificha kisimani. Na babu yako nilimpenda. Nalisema waziwazi, sina wa kumwonea haya sasa. Nilikuwa naota nyumba yetu wenyewe, na watoto, na yeye akitokea kwenye ukungu Jumamosi na mkate chini ya koti. Vyote hivyo vilikuwa vinadondoka pamoja na buni, na nani angesikiliza kesi ya mpini?

Alasiri moja nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mama mkwe alikuwa nje, upande wa pili wa ukuta, anapepeta maharage. Nikasikia kikohozi, nikasogea kwenye giza la jiko kama ilivyo adabu. Tumbaku ikaingia kwenye nyufa za ukuta. Baba mkwe hakuweza kusema nami, lakini hakuna sheria iliyomkataza kusema na mkewe kwa sauti kubwa.

"Mama Lusajo, nimepita kwenye mibuni."

"Umeiona aibu yenyewe?"

"Nimeona majani. Ukifyeka wewe yanalala kushoto. Wakifyeka watoto yanalala kushoto. Ya mkamwana yanalala kulia. Mtu huyu ni mashoto. Fyekeo lako lina makali upande mmoja, kwa hiyo siku zote hizi anapiga majani kwa mgongo wa chuma."

Ungo ukaacha kulia.

"Na vijiti vilivyovunjika viko juu, usawa wa mbavu zangu. Huo ni mgongo wake. Umemkunja mtu mrefu chini ya mibuni kwa mpini wa mtoto, halafu unauliza kwa nini buni zinadondoka."

"Mchagua jembe si mkulima," mama mkwe akasema, ila safari hii kwa sauti ndogo.

"Kweli kabisa. Mchagua jembe. Jembe linatoka dukani limeshafuliwa, hakuna la kuchagua pale. Mpini nani alikukataza kuuchagua? Mpini una mwenyewe. Wako wa kwanza, kabla ya huu wa dukani, si nilikusimamisha hapa hapa uani, nikakupima mpaka kidevuni? Ama umesahau kwamba ulikuwa binti wa watu na wewe?"

Akakohoa, makatambuga yakaondoka. Ugali wangu ulikuwa umeshika chini na sikujali. Nililia pale kwenye moshi, nikamshukuru Mungu kwa moshi, kwa sababu hakuna anayekuuliza unalia nini. Mtu ambaye hajawahi kuniona alikuwa ameniona, tena kwa kutazama nyasi. Sijui kama unaelewa utamu wake, kuonwa hivyo ukiwa mgeni katika nyumba ya watu.

Asubuhi yake ndiyo ile niliyoanza nayo, ya ukungu na kwaru kwaru. Nilikaa ndani nikisikiliza mpaka sauti ikaisha na nyayo zikaondoka. Nilipotoka nikakuta fyekeo limeegemezwa ukutani. Chuma ni kile kile, sasa kimenolewa pande zote mbili. Mpini mwekundu hakuna. Mahali pake pana mti wa mpera, mweupe, bado una unyevu, umepinda kidogo katikati. Nikausimamisha mbele yangu. Ukafika kidevuni kana kwamba nilisimama usiku kucha nikipimwa. Mama mkwe akachungulia mlangoni, akasema, "Haya, shika tukuone."

Nikaingia kwenye mibuni. Mwanangu, siku hiyo sikumbuki kuchoka. Nakumbuka umande miguuni, na chuma kikiteleza chini ya matawi huku mwili wangu umesimama wima katikati ya mstari, hausumbui mti. Majani yalilala upande wa kulia, taratibu, yakinuka ubichi ule unaolegeza kichwa. Jua likawa jeupe ndani ya ukungu, nikaona kama shamba zima linapumua nami. Nilifika mwisho wa mstari bila kujua.

Mama mkwe akaja kukagua. Aliinua matawi mti kwa mti, kama anayetafuta sindano, akaokota buni mbili tatu, akazitazama, akazitupa. "Hizi za ndege," akasema. Kisha, bila kunitazama, "Wajomba zako waache wapumzike." Nikacheka nikashindwa kujizuia, naye akacheka, na hapo ndipo nilipoolewa kweli katika nyumba ile. Ule mpini mwekundu aliuchomeka kwenye banda, kuku wakalala juu yake.

Baba mkwe aliishi miaka mingi baada ya pale, na sikuwahi kumwambia asante. Sheria ilikuwa hiyo. Nilimshukuru kwa kumpikia maboga anayoyapenda, yakapelekwa na mikono ya watoto. Alipofariki, wanawake wakubwa waliniita kando ya jeneza, wakasema, mkamwana, sheria imekwisha, sasa waweza kumwona. Nikasogea. Uso nikauacha ulivyokuwa siku zote, sikuutazama. Nilitazama mikono yake, ilivyolala kifuani na makovu ya kisu, na mikono hiyo niliifahamu kuliko ya mtu yeyote.

Haya, turudi kwenye mashine yako. Kazi uliyopata ni ya mibuni Itaka, mistari imebanana na ardhi imeinama. Pembe zile zinataka nafasi. Zinakutaka uende mbele huku unayumba kulia na kushoto, zinafaa uwanja wa mpira, kando ya barabara, mashamba ya tambarare kama kule Ndalambo. Ukiziingiza kwenye mibuni zitagonga matawi, utapewa jina nililopewa mimi. Kishikio cha duara kinageuka, kinainama, kinaingia chini ya tawi na kulizunguka shina bila kulichuna. Mimi ningechukua hicho. Lakini usichukue kwa sababu bibi kasema, wala usikatae kwa sababu muuzaji kasema. Rudi dukani, mwambie aweke betri, maana uzito ndio huo, kisha shika zote mbili ukiwa umesimama kama shambani. Sogeza kile kishikio juu na chini mpaka kiwiko kipumzike. Mwili wako utasema. Na ukishapata mpini wako, buni zikiendelea kudondoka, hapo sasa ni uvivu, usije kunitafuta.

Nasaha yangu ni hii, ishike nje ya mibuni pia. Kazi usiichague sana, njaa haichagui. Ila namna ya kuishika hiyo kazi ni yako, usione haya kuitafuta, na mtu akikuambia unachagua jembe mwambie nachagua mpini. Na la pili, zito kuliko la kwanza: kabla hujamwita mtu mvivu, mke wako awe, au mtoto, au kibarua, nenda kaangalie umempa mpini gani. Mimi nusura nirudishwe kwetu kwa kosa la kuwa mrefu.

Nenda sasa kabla mvua haijashuka. Mikono yako isikose kazi, na kazi isikuvunje mgongo. Mungu akupe nyumba yenye watu, na watu hao, mwanangu, akujalie uwaone.