Chai ya Chumvi

Katika kila kijiji cha Watibeti ninachopita huku milimani, harufu ya chai ya siagi na chumvi inanirudisha Dubai, chumbani kwa jirani yetu Mtibeti, pale Rashidiya. Mama aliona haya kusaza cha mtu, akawa anakunywa mpaka tone la mwisho. Jirani anajaza tena.

"Mwanangu, leo napasuka," mama alininong'oneza.

"Dada, siku moja nitakupeleka kwetu milimani," jirani akasema.

"Inshallah," mama akajibu, akamaliza tena.

Leo mwenyeji wangu kanieleza kwamba huku mgeni hamalizi kikombe mpaka anapoaga. Kumbe mama alikuwa anaaga kila mara, na jirani anamzuia.

Nimeomba kikombe cha mama pia, yeye ambaye hakuwahi kufika huku. Hicho kimebaki kimejaa.