Mahindi ya Dirishani

Juzi shangazi alinipigia video kutoka Uingereza, na nyuma yake, dirishani, nikaona mashina mawili ya mahindi yamesimama ndani ya ndoo.

Nikakumbuka alasiri moja kule Usagara. Uani kulinuka dagaa na vumbi la moto, na mawingu yalikuwa yanatupita tu yakielekea ziwani. Bibi alikuwa ameiweka simu juu ya kinu, sauti ya shangazi ikikwaruza.

"Huku ni mvua tu, mama. Inanyesha kila siku."

Bibi akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. "Mungu mkubwa! Na umepanda nini?"

Shangazi akajibu harakaharaka, "Mahindi, mama."

Papo hapo bibi akachagua punje nzuri za mbegu, akazifunga kwenye kitambaa zisubiri msafiri. Mimi nikamuwaza shangazi na jembe begani, matope hadi magotini, Wazungu wakimpisha njiani. Sikujua kwamba anaishi ghorofa ya sita, wala kwamba alikuwa analalamikia ile mvua.

Juzi nilimuuliza mbegu ya yale mahindi ya dirishani aliitoa wapi.

"Ni uzao wa ile ya bibi yako," akasema. "Nilimdanganya mwezi mmoja tu. Mbegu ilipofika, nikapanda."