Farasi Aliyepewa Sifa

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina duka la dawa za miti na viungo pale Likoni, karibu na njia ya kuteremkia feri, na nilikuwa na kiburi. Nakisema mwenyewe kwa sababu waliokijua wamekwisha kufa. Duka aliniachia baba, naye aliachiwa na babake. Watu waliniletea magoti yao, matumbo yao, watoto wao wasiolala, nami nilinyoosha mkono rafuni hata kabla hawajamaliza kusema. Niliamini kwamba hakuna ugonjwa wa kuingia mlangoni mwangu nikakosa kijaluba chake. Sasa nimezeeka na mengi nina shaka nayo, lakini siku zile sikuwa na shaka na kitu.

Mwaka ule ulikuwa wa mwisho wa ukoloni. Wazungu wa upande wetu walikuwa wakifunga virago mmoja mmoja, na duka moja la mjini lililokuwa likiagiza vyakula na dawa za farasi kutoka Ulaya liliacha kuagiza, maana wanunuzi walikuwa wanakwisha. Ndipo asubuhi moja akaja kwangu mtu mzima, kofia mkononi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa Mkristo wa upande wa Rabai, mpole wa maneno, na kazi yake ilikuwa kumtunza farasi wa memsahib mmoja mkongwe aliyekaa kwenye nyumba ya juu ya ufuo wa Shelly Beach. Sote tulimwita Saisi, kama tunavyomwita seremala Fundi.

Nilimpa shikamoo yake, akaitikia, akaniwekea ile karatasi juu ya meza. Memsahib alikuwa ameandika vitu vilivyokuwa ndani ya makopo ya zamani: mafuta ya kitani, mafuta ya ini la samaki, unga wa mifupa, na vingine viwili vitatu. Kiingereza changu cha shule kilitosha kuvisoma.

"Makopo hayaji tena," Saisi alisema. "Memsahib anauliza kama hapa pana badala yake."

"Yuwaumwa nini huyo farasi?"

"Magoti. Na vifundo vya miguu ya mbele. Ni jike, ana miaka ishirini na ushei. Anakaza, binti. Asubuhi akitaka kugeuka, hugeuka kama mlango uliovimba."

Kisha akanieleza yaliyobaki. Memsahib alikuwa anarudi kwao, na binti yake aliyekuwa na shamba bara amekubali kumchukua yule farasi, kwa sharti moja, kwamba aweze kutembea na kukimbia kidogo bila kuchechemea. Farasi kiwete kwenye baridi ya kule angeteseka tu. Daktari wa mifugo angekuja baada ya siku arobaini kumpima. Akifaulu, atapakiwa kwenye lori. Akishindwa, daktari angempiga risasi pale pale uani, naye Saisi ndiye angeshika kamba.

Alinieleza haya bila kupandisha sauti. Alikuwa amemtunza miaka kumi na minane.

Mimi kwangu farasi alikuwa punda mrefu. Punda nilikuwa nawajua. Basi nikaanza kuteremsha vitu: uwatu, ufuta, manjano, habasoda, shubiri, magadi, na kopo la unga wa mifupa lililokuwa limekaa tangu uhai wa baba. Nilivipanga mezani vyote saba, najiona mjuzi kwelikweli.

Saisi aliviangalia. "Farasi hatapiki, binti," akasema.

"Vipi hatapiki?"

"Mungu hakumpa njia ya kurudisha. Kikiingia kimeingia. Kikimdhuru, hulala chini akagaagaa mpaka afe. Ndiyo sababu nimekuja kuuliza, sikuja kununua tu."

Mkono wangu ulibaki juu ya kile kijaluba cha shubiri. Kazi yote ya baba yangu ilikuwa na mlango wa nyuma. Dawa ikimkataa mtu, unampa maji ya chumvi ya vuguvugu, anatapika, mnasema alhamdulillahi na mnaanza upya. Kumbe Mola ameumba mnyama mwenye uzito wa watu kumi asiye na mlango huo, na mnyama huyo anakula kutoka mkononi mwa mtu, kila siku, akiamini. Nilishangaa hata nikaona haya. Nilikuwa sijawahi kuogopa rafu zangu mwenyewe.

Siku ile ndipo nilipoanza kuchagua dawa badala ya kuigawa. Shubiri niliirudisha kwanza, maana huharisha. Habasoda ni ya moto, nikairudisha, na magadi pamoja nayo. Manjano niliyanusa, nikasita, nikayarudisha. Unga wa mifupa ulikuwa umeshika unyevu, nikautupa kabisa. Ulibaki uwatu, ambao tunawapa wazee wenye viungo vizito na wazazi wapya, uloweke mpaka ulegee. Ulibaki ufuta, uuponde, badala ya kitani. Na lile la tatu, mafuta ya ini la samaki, lilikuwa na jina lake kwetu tangu zamani, jina ambalo mtoto yeyote wa nyumba yetu alilijua. Tunayaita sifa. Ni mafuta ya ini la papa, mazito, yenye uvundo wa kumtoa nyoka shimoni, ambayo mafundi wa vyombo vya baharini huyapaka mbao zisioze. Baba alikuwa akiwapa wazee matone yake kwa ajili ya mifupa.

Nilimwelekeza, kitu kimoja kwanza, siku tatu, halafu cha pili. Kisha nikamwambia: "Na kila asubuhi, kabla hajala, mpe sifa. Anza kidogo kidogo. Akizoea, zidisha. Lakini kwangu mimi haipo, itabidi uitafute mwenyewe."

Alifikiri kidogo. "Hizo hazinipi taabu," akasema.

Nilidhani ana jamaa yake miongoni mwa mafundi wa vyombo. Mtu mwenye kujivunia lugha kama mimi alipaswa kusikia lile "hizo" na kusimama nalo. Halikunigusa sikio. Nilimfungia uwatu na ufuta kwenye karatasi, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili alirudi kuchukua uwatu mwingine. Alisema farasi anaula, na manyoya yake yameanza kung'aa.

"Na sifa, yuwaikubali?" nikamuuliza.

"Mno. Nikichelewa hupiga mlango kwa kwato."

Usiku ule, wallahi, nilimwaza yule mnyama kwenye mkeka wangu. Mafuta ambayo baba alikuwa akiyafungua watu wakatoka nje, yeye anayagongea mlango. Nilianza kumheshimu kabla sijamwona. Wiki ya tano Saisi alikuja tena, akasema amezidisha, na kwamba sasa anamaliza saa nzima. Nikajiuliza ni mafuta gani ya kunyweshwa saa nzima, nikaingiwa na hofu. Nilikumbuka kwamba hatapiki.

Basi siku ya pili yake nilivaa buibui langu alfajiri, nikafunga duka, nikaenda kwa miguu mpaka nyumba ya memsahib. Nilipitia nyuma, kwenye banda. Hakukuwa na harufu ya sifa hata kidogo. Palinukia majani makavu na jasho la mnyama.

Walikuwa tayari wako nje, wanashuka kijia cha kwenda ufuoni, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ukubwa wake. Hakuna aliyeniambia kwamba farasi ni mkubwa hivyo. Alikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, mgongo umebonyea kwa uzee, na ngozi yake ilikuwa ikitetema mahali nzi alipotua, pale tu, kwingine kimya. Saisi alikuwa ameshika kamba ikiwa imelegea, kofia ameivua kama aliyeingia kanisani, na anazungumza. Niliwafuata nyuma.

"Wewe ndiye uliyembeba memsahib mvua ilipovunja njia," alikuwa akimwambia. "Wewe hujamkanyaga mtoto wa mtu. Wewe hujauma mkono. Ulipojifungua hukupiga kelele. Mtoto wako alipokufa ulisimama naye siku tatu, na mimi nilikuwepo, nilikuona."

Mengine aliyasema kwa lugha ya kwao, sikuyaelewa. Lakini farasi aliyaelewa, au aliielewa sauti, sijui. Sikio lake moja lilikuwa limegeuka nyuma kumfuata, na kila alipomaliza neno lilitikisika kidogo, likasubiri lingine. Waliingia majini, maji yakamfika magotini, na yule mkongwe akatembea ndani ya maji yale hatua baada ya hatua, ufuo mzima, akisifiwa. Nilisimama mchangani viatu vimelowa, nikasahau nilikuja kwa nini.

Walipotoka nilimuuliza mbona anafanya vile. Alinitazama kwa mshangao.

"Si wewe uliyesema nimpe sifa kabla hajala? Nilianza na mbili tatu. Mtu wa dawa akisema, hufuatwa."

"Na huku kutembea?"

"Memsahib alitaka apumzike bandani, akasimama humo miezi. Lakini mimi siwezi kumsifu mtu nimesimama tu. Ulimi wangu haufunguki. Nikamwomba memsahib ruhusa, nikamwambia ndiyo dawa."

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa hasira, kwa nini hakuniuliza. La pili lilikuwa kicheko. Yote mawili yakapita, nikabaki na kitu ambacho mpaka leo sina jina lake. Nilimtazama farasi miguu ya mbele. Ilikuwa ikikunjika. Zilikuwa zimebaki siku tano, na chupa ya sifa ya papa ningeweza kuipata kabla ya adhuhuri. Nilifikiri mara moja tu.

"Usibadilishe kitu," nilimwambia.

Siku ya kupimwa nilikwenda. Hapakuwa mahali pangu, lakini nilikwenda, nikasimama kando ya mlango wa jikoni. Daktari alikuwa Mzungu kijana, mkimya, na bunduki ilikuwa kwenye gari, ndani ya mfuko wa turubai. Alimpapasa farasi magoti, akamwinua kwato, akashika kamba mwenyewe, akaivuta. Farasi hakusogea. Alimpigia ulimi, akamgonga ubavuni kwa kiganja. Hakusogea. Memsahib aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha nyasi aliangalia chini. Daktari alimkabidhi Saisi kamba na kumwashiria amkimbize yeye.

Saisi aliishika, na mdomo ukafumba. Alikuwa mtu wa haya. Maneno yale alikuwa akiyasema ufuoni, yeye na mnyama wake, na sasa walikuwapo Wazungu wawili, na mpishi, na mtunza bustani. Alivuta kamba kimya kimya. Farasi aligeuza sikio, akasubiri. Saisi alinitazama, na nikaona kwamba yuko karibu kulia, na mimi vilevile.

"Mpe sifa, Saisi," nilisema. Nilisema kwa sauti ya dukani, ile ya kumwita mtu wa barabarani.

Akavua kofia. "Wewe ndiye uliyembeba memsahib," akaanza, kwa sauti ndogo, na farasi akanyanyua mguu. Mpaka alipofika kwa mtoto aliyekufa walikuwa wameuzunguka uwanja mara moja. Kisha Saisi akaanza kukimbia, mtu mzima na viatu vyake vya mpira, anasema huku pumzi zinamkatika, na yule mkongwe naye akakimbia kando yake, shingo juu, mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa. Daktari aliinama kutazama viungo. Mimi nilitazama wote wawili. Memsahib aliuliza anasema nini, na mpishi akamfasiria, naye akajifunika uso kwa leso. Daktari alikwenda kwenye gari akarudi na karatasi ya kutia sahihi.

Alasiri hiyo Saisi alikuja dukani. Nilimwambia ukweli, kwamba sifa niliyoitaka ilikuwa mafuta ya papa. Akacheka taratibu. "Angenichukia," akasema.

Kisha akatoa karatasi mbili za daftari. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi. Kule shambani walikuwa na saisi wao wa bara, na nafasi yake yeye haikuwapo, tangu mwanzo alijua. Siku zote arobaini alikuwa akimtengeneza aondoke.

"Afadhali nimkose akiwa hai," alisema. "Lakini yule wa kule hajui cha kumwambia. Niandikie."

Nikaandika. Alisema polepole, akifumba macho ili asiruke kitu, na ya lugha ya kwao aliyageuza Kiswahili moja moja. Zilijaa karatasi zote mbili. Zilipokwisha nilichovya kalamu ili nitie chini jina la mwenye kuzituma, nikaona mkono umesimama. Siku zile zote nilikuwa namjua farasi miguu, miaka na msiba wake, na mtu huyu sikuwahi kumuuliza anaitwa nani. Nilimuuliza. Akanitajia majina yake matatu, la kanisani, lake mwenyewe na la babake, na nikayaandika yote.