Sikio la maksai wa baba

Leo nimeingia ofisi ya bima hapa Bariadi na baba, nikiwa na sikio la ng'ombe kwenye mfuko.

Msishangae. Mkataba wao ndio unasema: mnyama akifa, leta sikio likiwa na hereni yake ya usajili.

Maksai wa baba alikufa wiki iliyopita kule Dutwa. Baba alipiga simu siku hiyohiyo. Afisa akamwambia, "Msubiri mkaguzi." Tukasubiri mpaka mzoga ukaanza kuoza, tukauzika. Mkaguzi hakuja.

Leo afisa yuleyule kaziba pua.

"Dada, mmezika bila kukaguliwa. Hatulipi."

"Si wewe uliyetuambia tusubiri?"

"Basi mzee asaini hapa, tumpe nusu yaishe. Nyie Wasukuma na ng'ombe wote wale, mmoja tu ndio mnatusumbua?"

Akacheka. Baba naye akacheka, kwa adabu tu. Kicheko hicho cha baba kimenichefua kuliko harufu ya sikio.

Nikaisoma karatasi. Anayesaini hadai tena, popote. Nikaitoa kalamu mkononi mwa baba.

Maksai hulima wawili. Aliyebaki hawezi peke yake, na mvua zimeanza. Kwa hiyo sidai bei ya ng'ombe tu. Nadai na fidia ya shamba litakalolala bila kulimwa.

Kuna mtu hapa amewahi kuishtaki kampuni ya bima akashinda? Niambieni nianzie wapi.

Baba anasema tumwachie Mungu.

Mungu hakupokea ada zetu za bima. Wao walipokea.