Matanga Yangu Nikiwa Hai

Wasomaji, nisameheni mwandiko huu na herufi nilizokosea. Shule niliishia darasa la nne, na naandika polepole.

Kabla vita hivi havijaanza, kwetu Temeke kulikuwa na chama cha akina mama waliopotelewa na ndugu katika vita vya zamani vya Mjerumani, wale waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Hawakutaka vita vingine. Kijana akitaka kujiandikisha keya, jeshi la Mwingereza, walimwekea matanga kabla hajaondoka. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watani wetu sie Wazaramo, na mtani hakasirikiwi.

Mie niliazimia kujiandikisha Jumatatu. Mama hakunikataza, ila aliacha kuimba jikoni. Jumapili asubuhi nilikuwa uani nakula mhogo, akina mama wale wakaingia na kaniki zao na mkeka. Bibi kiongozi wao akajitupa chini.

"Mume wangu! Umeniacha na nani?"

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Maiti inaamkia! Na mhogo inakula! Jamani, izikeni upesi, itamaliza chungu!"

"Marehemu alikuwa mpole," akasema mwingine. "Hata kuku alimpisha njia. Leo eti anakwenda kupiga watu bunduki!"

Niliinamisha kichwa kwa haya, sijui pa kuweka mikono. Mama naye alicheka, akaja kukaa mkekani. Mara kicheko kikakatika, akalia kwa sauti nisiyopata kuisikia.

"Kaka yangu! Kaka yangu!"

Mjomba huyo alichukuliwa upagazi mama akiwa msichana. Hakurudi, na habari haikuja. Nyumbani walikuwa wakimngoja tu, hawakumwekea matanga.

Utani ukakoma. Yule bibi akakilaza kichwa cha mama mapajani pake.

"Lia, mwanangu. Mkeka huu ni wake sasa."

Nikawapikia uji. Uliungua, wakaunywa wote.

Jumatatu sikwenda. Matanga ni siku tatu, na mjomba hakuwa na mwanamume mwingine wa kukaa barazani kupokea pole. Nilikaa mie. Majirani walipita, nikawapa mkono, na kila mmoja nilimweleza habari za mjomba kama mama alivyonifundisha: alipenda kucheka, alikuwa na shoto.

Siku zile zilipokwisha, sikutaka tena kwenda. Sasa vita vimeanza, na wenzangu waliokwenda huniita mwoga.

Kama kwenu yuko mpagazi ambaye hakurudi, tafadhali niandikieni alikuwa mtu wa namna gani. Nitamsomea mama.